Picha za boti za kasi: tuziache zilivyotoka kwenye kamera au tuzihariri?

Mpenda Mawimbi

Ndugu wanajukwaa, nawasalimu nyote. Huu ni msimu wangu wa tatu wa kupiga picha za mashindano ya boti za kasi, na kuna jambo ambalo limeninyima raha kwa wiki mbili sasa. Naomba mnisaidie kulifikiri vizuri kabla sijapeleka picha zangu kwenye maonyesho ya klabu.

Katika mashindano yaliyopita nilipata picha ambayo sijawahi kupata mfano wake. Boti imeruka kutoka mgongoni mwa wimbi, karibu tumbo lake lote liko hewani, na kinachogusa maji ni rafadha peke yake. Kando ya kofia ya dereva yananing'inia matone matatu ya maji, kila moja likionekana wazi kama ushanga. Lakini siku ile mbingu ilikuwa imefunga, maji yalikuwa ya kijivu, na mimi mwenyewe, kwa kuwa nilikuwa juu ya boti nyingine iliyokuwa ikiyumba, nilipiga huku kamera imelalia upande mmoja. Niliporudi nyumbani nikaihariri. Niliinyoosha, nikayatia giza mawingu, nikaongeza makali kwenye povu, nikayapa maji rangi ya samawati, na mwisho nikalifuta boya lililokuwa nyuma ya omo, yaani sehemu ya mbele ya boti, kwa sababu niliona linavuta jicho bure.

Nilipowaonyesha watu picha zote mbili, karibu wote walichagua ile iliyohaririwa. Aliyenitia mashaka ni dereva mwenyewe. Aliitazama kwa muda mrefu, kisha akaniuliza, "Boya langu limekwenda wapi? Pale ndipo nilipokata kona, na nililipita kwa karibu kiasi cha kulishika kwa mkono." Baadaye akaongeza kwamba maji yale hayakuwa ya siku ile. Hakusema kwa hasira, lakini maneno yake hayajanitoka kichwani.

Maswali yangu ni mawili. Kwanza, nikipeleka ile JPEG, yaani faili la picha ambalo kamera hulitoa likiwa tayari kutazamwa, jinsi ilivyotoka kwenye kamera, je, naweza kusema kwa ukweli kwamba haijahaririwa? Pili, katika picha za vyombo vinavyokwenda kasi namna hii, mpaka uko wapi kati ya kusafisha picha na kubadili kilichotokea?

Tezi na Omo

Ndugu Mpenda Mawimbi, naanza na swali lako la kwanza kwa sababu ndilo lenye jibu la uhakika: kila JPEG imehaririwa, ila mhariri ni kamera. Sensa yenyewe, yaani kile kipande cha kamera kinachopokea mwanga, haioni rangi, inapima wingi wa mwanga tu. Juu ya kila pikseli kuna kichujio cha rangi moja, kwa mpangilio uliobuniwa na Bryce Bayer wa kampuni ya Kodak na kupewa hataza mwaka 1976, ambapo nusu ya vichujio ni vya kijani, robo vyekundu na robo vya buluu. Maana yake ni kwamba katika kila pikseli rangi moja imepimwa, na zile nyingine mbili zimekisiwa kwa kutazama pikseli za jirani. Kamera ikishamaliza kukisia, inaamua weupe uweje, inaongeza mkazo kati ya mwanga na kivuli, inatia makali, inapunguza chembechembe, kisha inabana kila kitu. Faili ghafi, yaani vipimo vya sensa kabla kamera haijavichakata, ikiwa ya biti 14 inaweza kubeba ngazi 16,384 za mwanga kwa kila rangi. JPEG ya biti 8 inabaki na 256.

Kwa mtu anayepiga picha ya ua lililotulia, tofauti hiyo anaweza asiione. Kwetu sisi inaonekana mara moja, kwa sababu somo letu ni kitu cheupe sana kinachorushwa juu ya kitu cheusi sana. Povu linalopigwa na jua na ubavu wa boti ulio kivulini vikiingia kwenye fremu moja, kamera hulazimika kuchagua, na mara nyingi hulitupa povu. Ukilitazama kwa karibu katika JPEG ya aina hiyo unakuta bapa jeupe lisilo na tone hata moja, kama vile mtu amepaka chokaa. Faili ghafi ya picha ileile mara nyingi bado ina matone yaliyobaki, nawe unaweza kuyarudisha kwa kupunguza mwanga wa sehemu zile. Lakini ikiwa sensa yenyewe imejaa, hakuna programu itakayokurudishia kitu. Itakupa rangi ya kijivu mahali pa nyeupe, na hiyo ni mbaya zaidi.

Ndiyo maana napima mwanga kwa kutumia povu, hata kama picha itaonekana nyeusi kidogo kwenye kioo cha kamera. Usiiachie kamera ijiamulie, kwa sababu povu likijaza fremu itadhani kuna mwanga wa kupita kiasi na kuififisha boti, na maji meusi yakijaza fremu itafanya kinyume chake na kuliunguza povu lote. Kwa hiyo sioni ubaya wowote wa kuhariri mwanga wa picha. Nitakwenda mbali zaidi niseme kwamba maneno "haijahaririwa", yakiwekwa chini ya JPEG, hayana maana kubwa.

Jicho Kavu

Namheshimu sana ndugu Tezi na Omo, na aliyoyasema kuhusu sensa ni ya kweli, lakini hitimisho lake silikubali. Kamera hutumia kanuni zilezile kwa picha elfu moja za siku nzima bila kujua ipi inapendeza na ipi haipendezi. Mtu anapokaa mbele ya kompyuta huchagua, na huchagua kwa kuwa anataka kupendwa. Hizo ni kazi mbili tofauti, nasi tunayo haki ya kuzipa majina mawili tofauti. Nimepiga boti kwa miaka mingi na sihariri kitu zaidi ya kupunguza ukubwa wa faili, na nimefanya hivyo kwa sababu nataka makosa yangu yaonekane ili niyarekebishe nikiwa majini.

Naomba tufanye hesabu kidogo, maana kasi ndiyo kiini cha mjadala huu. Boti inayokwenda kilomita 180 kwa saa inakata mita 50 kila sekunde. Shata, yaani mlango wa kamera unaopitisha mwanga, ikifunguka kwa sehemu ya 1/2000 ya sekunde, boti imesogea sentimita mbili na nusu. Inaonekana ni kidogo. Sasa chukua boti ya mita sita inayopita mbele yako ubavuubavu na kujaza pikseli 4,000 za picha: kila pikseli inabeba milimita moja na nusu, kwa hiyo zile sentimita mbili na nusu ni kama pikseli 17 za ukungu, nazo zinatosha kabisa kuyalainisha maandishi ya ubavuni. Kumbe hata picha tunayosema "imegandishwa" haikugandishwa na shata peke yake. Mpigaji alikuwa anaifuata boti kwa kamera, kiuno kikizunguka, kwa mwendo uleule wa boti. Ukishuka hadi 1/125, boti inakwenda sentimita 40 wakati shata iko wazi, na hapo ndipo nyuma panapogeuka kuwa michirizi huku uso wa dereva ukibaki mkali. Ujuzi huo hauongezwi baadaye.

Kuna wanaojaribu. Wanaikata boti kwenye picha, wanaipaka nyuma yake ukungu wa programu, kisha wanairudisha mahali pake. Mtu aliyekaa majini huitambua kabla hajamaliza kuitazama. Katika picha ya kweli iliyopigwa kutoka boti inayokwenda sambamba na ile nyingine, maji yaliyo karibu na mpigaji yana michirizi mirefu kuliko ufukwe wa mbali, kwa kuwa kinachokuwa karibu hupita haraka mbele ya lenzi. Programu huichora yote kwa urefu mmoja. Katika picha ya kweli mmetuko wa jua juu ya maji huacha mstari unaong'aa vilevile, kwa sababu mwanga ulikuwa mkali kupita uwezo wa sensa na bado unang'aa hata ukitandazwa. Ukungu wa programu huutandaza weupe uliokwisha kukatwa, na mstari unafifia ukawa kama maziwa yaliyotiwa maji. Tazama pia rasharasha zinazotoka ubavuni. Hizo zina mwendo wake wenyewe, nyingine kwenda juu na nyingine kwenda nyuma, na hakuna mkasi unaoweza kuzitenganisha na hewa bila kuacha alama.

Kwa hiyo ushauri wangu kwako ni kwamba upeleke ile iliyolala upande. Mwaka ujao utaipiga ikiwa imenyooka.

Shajara

Nimewasoma wote kwa makini, nami ningependa kuongeza kwamba ugomvi huu ni mkongwe kuliko boti zenye injini. Mfaransa Gustave Le Gray, kati ya mwaka 1856 na 1857, alipiga picha za bahari zilizowashangaza watu wa zama zake kwa kuwa mawimbi na mawingu yote yalionekana. Kemikali za wakati ule ziliathiriwa zaidi na mwanga wa buluu, hivyo mbingu iliungua kila mara mpigaji alipofungua lenzi kwa muda uliofaa maji. Katika baadhi ya picha zake Le Gray alitumia negativi mbili, moja ya bahari na nyingine ya mbingu, akaziunganisha kwenye mstari wa upeo wa macho. Yeye aliona anarudisha alichokiona kwa macho na ambacho chombo chake kilishindwa kukishika. Sijui kama ndugu Jicho Kavu angempokea kwenye maonyesho yake.

Upande wa pili kuna Frank Beken wa Cowes, katika kisiwa cha Wight huko Uingereza, aliyejitengenezea kamera ya sanduku la mbao kwa ajili ya kupiga mashua za matanga. Aliishika kwa mikono yote miwili ili aweze kusimama imara kwenye boti yake, na shata aliifyatua kwa kuuma puto la mpira kwa meno. Nalitaja hili kwa sababu linaonyesha mahali hasa palipokuwa na tabu: kusimama wima juu ya maji na kuuchagua ule mpepeso mmoja wa jicho. Tabu hiyo haijabadilika hata leo.

Na kamera inaweza kudanganya bila mtu kuigusa. Mwanzoni mwa miaka ya 1910 kijana Jacques Henri Lartigue alipiga gari la mashindano likipita mbele yake, na picha ikatoka na gurudumu la umbo la yai lililoinama kwenda mbele, huku watazamaji wa nyuma wakiwa wameinama kwenda upande wa pili. Sababu ni kwamba shata ya kamera yake ilikuwa pazia lenye mwanya mwembamba lililopita polepole mbele ya bamba, na kila sehemu ya picha iliandikwa kwa wakati wake. Shata za kielektroniki za kamera nyingi za leo husoma sensa mstari kwa mstari, kwa hiyo ukiifuata boti kwa kasi utakuta nguzo na milingoti ya nyuma imelala. Hiyo ni picha isiyohaririwa hata kidogo, na nguzo zile hazikuwahi kulala.

Kwa upande wa kanuni, wenye vyombo vya habari wamekwisha kuchora mistari yao. Mwaka 2015 shirika la Reuters liliwataka wapiga picha wake wa kujitegemea walete picha zilizopigwa kama JPEG tangu mwanzo, si zile zilizochakatwa kutoka faili ghafi. Shindano la World Press Photo lenyewe huomba faili la awali la picha zilizofika hatua za mwisho ili lilinganishwe na lililoletwa, na halikubali kuongeza wala kuondoa kitu. Kwa kipimo hicho, ndugu Mpenda Mawimbi, mawingu yako yanaweza kujadiliwa, lakini boya lako limekuondoa mashindanoni.

Mpenda Mawimbi

Nawashukuru sana. Kuhusu boya nimekwisha kukubali kosa langu, na nimelirudisha. Nilipolitazama upya niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona mwanzo: kivuli cha omo kimeangukia juu yake. Dereva alikuwa anasema kweli kabisa.

Lakini bado sijaridhika kuhusu kunyoosha. Jicho Kavu ananiambia niache picha imelala, wakati mimi najua kwamba maji hayakulala. Je, kunyoosha hakurudishi ukweli kuliko kuuficha?

Fundi wa Matumbo

Mimi si mpiga picha. Kazi yangu ni kutengeneza na kurekebisha matumbo ya boti, na picha zenu nazitumia kama vile daktari anavyotumia picha ya mifupa, kwa hiyo naomba nijibu hili la kunyoosha, maana linanihusu kuliko mnavyodhani.

Boti inapokwenda kasi haielei tena kama gogo. Inapanda juu ya maji na kuteleza, na jinsi inavyoteleza inategemea pembe kati ya tumbo lake na uso wa maji. Boti nyingi za kuteleza hufanya kazi vizuri pembe hiyo ikiwa kama nyuzi tatu hadi tano. Ikipungua sana, tumbo kubwa mno linagusa maji na boti inakuwa nzito. Ikizidi, boti huanza kudundadunda, na kwa zile za mashindano zenye mfereji katikati, hewa inayoingia chini inaweza kuinyanyua omo hadi chombo kikapinduka kwa nyuma. Sasa fikirini: mpiga picha akiizungusha fremu kwa nyuzi mbili tu ili boti ionekane inaruka zaidi, na uso wa maji hauonekani kwa sababu lenzi ndefu imejaza povu tupu, amenionyesha boti inayokaribia kupinduka wakati boti ile ilikuwa salama. Yamenikuta. Niliwahi kusogeza uzito mbele kwenye boti ya mteja kwa kuamini picha moja nzuri sana, na ikawa nzito kiasi kwamba ilishindwa kutoka kwenye maji ilipowasha. Tulipoomba faili la awali tulikuta pembeni kuna kipande cha ukingo wa saruji, kimelala, ambacho kilikuwa kimekatwa.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Ukiwa na kitu ndani ya picha ambacho kila mtu anajua kimenyooka, kama upeo wa macho wa bahari au nguzo ya gati, nyoosha kwa kukifuata, na usikikate baada ya hapo, ili nami niweze kukuhakiki. Usipokuwa nacho, usiizungushe kabisa. Tahadhari moja: ukingo wa ziwa unaorudi nyuma kwa mshazari huonekana umeinama hata kamera ikiwa imenyooka sawasawa, kwa hiyo huo usiufanye kipimo.

Na hilo povu mnalolitia makali kwa programu, naomba mlitie kwa kiasi. Mahali ambapo rasharasha zinaanza kutoka ubavuni ndipo ninapojua tumbo limelowa hadi wapi. Nimepokea picha ambazo povu limekuzwa hadi linaonekana kuanzia omo, na kwa picha hiyo mimi sina la kufanya.

Jicho Kavu

Ndugu Fundi amenifanya nifikiri upya. Sikuwahi kuhesabu kuyumba kwa boti niliyosimama kuwa ni uongo ndani ya picha, lakini kwa kweli dereva hakuinama kwa sababu mimi niliinama. Nakubali kunyoosha kwa upeo wa macho, ikiwa upeo upo. Rangi ya samawati bado siikubali.

Ningeongeza pia kwamba kuna mambo ambayo yakikosekana majini hayapatikani mezani. Kichujio cha polaraizi huondoa mmetuko juu ya maji na kukuonyesha tumbo la boti chini ya uso wake. Programu haiwezi kuuona mwanga ambao haukufika kwenye sensa. Kichujio hicho hula stopu moja hadi mbili za mwanga (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu), kwa hiyo siku yenye mawingu huna budi kuamua kama unautaka uwazi wa maji au shata ya haraka. Uamuzi huo haufutiki.

Tezi na Omo

Nami nilegeze kidogo. Baada ya kumsoma Fundi, nimefungua picha zangu za msimu uliopita na kupunguza makali ya povu katika nne kati yake. Katika moja, mstari ambao rasharasha zinaanzia ulikuwa umesogea mbele kwa karibu nusu mita kwa sababu ya kazi yangu mwenyewe, na nilikuwa nimeisifu sana picha hiyo.

Swali dogo kwa Mpenda Mawimbi: kwenye nakala uliyoweka naona doa laini upande wa juu kulia, kama tone lililokauka kwenye kioo cha lenzi. Utalifuta?

Mpenda Mawimbi

Nimelifuta, na nitasema kwamba nimelifuta, kwa kuwa lilikuwa juu ya kioo changu na halikuwa juu ya maji wala juu ya boti.

Nimeanza upya kutoka kwenye faili ghafi. Nimeinyoosha kwa nyuzi moja na nusu kwa kufuata upeo wa macho unaoonekana upande wa kushoto, nao nimeuacha ndani ya fremu. Povu nimelishusha mwanga hadi matone yakaonekana, bila kuongeza makali zaidi ya yale ya kawaida. Maji nimeyaacha kijivu, na mawingu pia. Boya lipo mahali pake. Chini ya picha nitaandika hayo yote kwa mistari miwili, pamoja na kasi ya shata, ambayo ilikuwa 1/1600.

Jana jioni nilimtumia dereva. Amenijibu kwa kuniomba nakala kubwa zaidi ya sehemu ya boya, kwa sababu anataka kujua alilipita kwa umbali gani hasa. Ndugu Fundi, ukiwa na nafasi, naomba utusaidie kukadiria. Urefu wa boti ni mita sita, na kivuli kinaonekana vizuri.

Fundi wa Matumbo

Niletee faili la awali lote, pamoja na urefu wa lenzi uliyotumia na mahali ulipokuwa umesimama. Kivuli peke yake hakitoshi, kwa sababu mbingu ilikuwa imefunga na kingo zake zitakuwa laini. Nitalitazama kesho asubuhi.